Nachora maboti, nasoma uhasibu, nimepata sapu mbili na hela haitoshi: niache kipi?

Swali lenyewe nimelifupisha, lilikuwa refu kidogo:

"Shikamoo dada. Nina miaka 21, nasoma diploma ya uhasibu mwaka wa pili hapa Kigoma mjini, nimepanga Gungu. Nachora toka niko shule ya msingi. Saivi naandika majina ya maboti Kibirizi na Katonga, nachora sura za watu kwa penseli, na kadi za harusi natengeneza kwa simu. Mwezi mwingine napata laki na nusu, mwingine elfu ishirini. Mkopo wa Bodi ya Mikopo sikupata. Baba anauza dagaa, ndo ananilipia ada na akipata ananitumia laki moja ya matumizi. Semista iliyopita nimepata sapu mbili (mitihani ya kurudia), wiki ya mitihani nilikuwa na maboti manne. Kuna stationari mjini wananitaka kazi, saa mbili asubuhi mpaka saa moja usiku, Jumatatu hadi Jumamosi, laki na ishirini kwa mwezi. Nataka pia tableti ya kuchorea ya laki tisa, kuna mama anakopesha. Niache chuo nifanye sanaa, au niache sanaa, au nichukue hiyo kazi? Na mbona rangi yangu kwenye maboti inabanduka baada ya miezi miwili?"

Marahaba mdogo wangu, hujambo. Nimeisoma meseji yako mara mbili, ya pili na kalamu mkononi maana mi ndo zangu, mtu akinitajia hela naziandika pembeni. Nianze na jibu usije ukaishia njiani: usiache chuo, usiache kuchora, hiyo kazi ya stationari kwa masharti hayo usiichukue, na huyo mama anaekopesha mpitie upande wa pili wa barabara. Sasa tukae nikueleze.

Mi naandika mabango na kuprinti tisheti hapa Mwanga mwaka wa 17 huu, na nilianza nikiwa chuo kama wewe, kwahiyo mengine ntakayosema sio ya kusoma, yamenikuta.

Watu wengi wakiuliza swali kama lako wanadhani shida ni hela ndogo. Yako naona shida ni tarehe. Hebu jiulize, yale maboti manne kwa nini yalikuja yote wiki moja? We ni mtoto wa muuza dagaa, nisikufundishe hili ila ntalisema kwa ajili ya wengine wanaosoma: dagaa wa ziwa letu la Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa, giza likiwa nene ndo taa inawavuta. Mbalamwezi ikitoka taa haina maana, kama wiki hivi wavuvi wanakaa, vipe, yani maboti ya dagaa, vinaletwa nchi kavu, nyavu zinashonwa, mbao zilizooza zinabadilishwa, na tajiri, mwenye boti, ndo anakumbuka jina la boti limefutika. Hapo ndo simu yako inaita. Kila mwezi wiki hiyo hiyo. Na hiyo wiki semista iliyopita ikaangukia juu ya mitihani yako, wewe ukasema ndio kwa wote wanne.

Upande wa pili wa jambo hilo hilo, siku za mbalamwezi huyo tajiri hana hela. Hajavua. Kwahiyo anakwambia andika tu mdogo wangu ntakulipa tukiingia giza. Na baba yako nae hiyo wiki hana dagaa wa kuuza wa maana, laki yako haijaja. Yani unakuwa na kazi nyingi kuliko wiki zote za mwezi, mfuko umekauka kuliko wiki zote za mwezi, umekopa rangi dukani, na kesho yake una peipa. Kazi iko mbalamwezi, hela iko giza, na wewe uko katikati unadhani una mkosi.

Huna mkosi, huna kalenda. Mwezi unajirudia kila siku 29 na nusu, haujawahi kumwambia mtu leo nimeahirisha. Almanaki ya chuo inatoka mwanzo wa semista, testi lini, UE (mitihani ya mwisho wa semista) lini, fildi lini. Chukua kalenda ile ya ukutani ya kugawa bure, chora duara zile siku za mbalamwezi za miezi sita mbele, halafu kwa rangi nyingine weka tarehe za chuo. Sehemu rangi mbili zinapogongana ndo wiki ya hatari, na unaijua miezi minne kabla. Wiki hiyo chukua boti moja tu, au usichukue kabisa mpe kijana mwingine unaemwamini akuachie hata elfu tano kwa kukuunganisha. Na uwaambie matajiri mapema, pale pale mwaloni maboti yanapofikia, kwamba tarehe fulani mpaka fulani nina mitihani, anaetaka jina aje kabla au asubiri mwezi ujao. Utashangaa wanavyoelewa. Mvuvi anaijua habari ya msimu kuliko mhasibu, mwambie tu kwa lugha yake.

Halafu usisahau ziwa lenyewe nalo linafungwa. 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, miezi mitatu, ili samaki wazaliane, na mji mzima uliisikia, mpaka wauza chipsi. Wateja wangu wengine hawakuagiza hata stika. Kwahiyo mtu anaetegemea mwalo peke yake, hata awe na mkono wa dhahabu, ipo miezi atakula ugali na chumvi. Hilo ntalirudia kwenye lebo huko chini.

Sasa tuje kwenye hela. Nimepiga hesabu yako kwa vile ulivyoandika na sehemu nyingine nimekadiria: chumba 35,000, chakula ukijipikia kama 3,000 kwa siku ni 90,000, bando 10,000, nauli 12,000. Jumla 147,000. Baba anatuma 100,000. Kinachopungua ni 47,000. Hiyo ndo namba yako, iandike kwenye ukuta hata kwa mkaa. Brashi yako kwa sasa haitakiwi kulipa maisha yako yote, inatakiwa kulipa 47,000 kwa mwezi, na huo ni mzigo inaoweza kuubeba. Ulikuwa unakimbizana na hela bila kujua unakimbizana na ngapi, ndo maana kila kazi ikija unaona ukiikataa utakufa njaa. Mwezi umeshaingiza 47,000 na boti la tatu linakuja usiku wa kuamkia testi, unalikataa huku unatabasamu.

Na ukipata laki na nusu usiishi kama mtu wa laki na nusu. Toa hiyo 47,000, halafu inayozidi igawe: nusu iwe ya mbalamwezi, yani ya ule mwezi wa elfu ishirini, nusu ya vifaa. Ya mbalamwezi iweke kwenye laini nyingine, laini ambayo haiko kwenye simu unayotembea nayo. Mi nilikuwa nampa bibi yangu Ujiji ananifungia kwenye kanga, na kumuomba bibi hela yako mwenyewe ni kazi, anakuuliza maswali kumi na moja, nikawa naacha tu. Kikundi cha kuweka na kukopa cha wanafunzi wenzako nacho sio kibaya kama watu ni wachache na mnajuana, ila ile michezo ya kupokezana hela ya watu 20 usioijua miguu wala kichwa, hapana.

Kazi ya stationari. Saa mbili mpaka saa moja ni masaa 11, siku 26, masaa 286 kwa mwezi. Gawanya 120,000 kwa 286 unapata kama shilingi 420 kwa saa. Sasa boti moja: umeniambia unachukua 40,000 pande zote mbili. Toa rangi na primer (rangi ya chini ya kuanzia) 9,000, boda na soda 4,000, inabaki 27,000, na umesema inakuchukua masaa sita. Hiyo ni 4,500 kwa saa, mara kumi na zaidi. Najua utasema dada maboti sio kila siku na stationari ni kila siku, na ni kweli kabisa, mtu ambae hana baba wa kumtumia laki wala hana chuo cha kuhudhuria ningemwambia achukue hiyo kazi na amshukuru Mungu. Lakini wewe kwa masaa hayo hutaingia darasani hata siku moja, labda Jumapili uende ukasome na popo. Ada ya baba itakuwa imetupwa ziwani.

Ila usiwakatalie wakajisikia vibaya. Rudi pale uwaambie hivi: mi nasoma, siwezi kukaa dukani, ila kadi za harusi, vipeperushi, vyeti vya shule, nipeni kwa kazi, nalipwa kwa kila moja, nafanya usiku natuma kwenye whatsapp. Mwenye stationari mwenye akili atakubali maana hakulipi siku ambazo hakuna kazi. Na Jumamosi mchana kama wanakuhitaji kwa sababu wateja ni wengi, masaa manne, sawa. Hivyo ndo nilivyoanza mimi, sikuwahi kuajiriwa ile duka ila jina langu lilikuwa linatajwa pale kila siku.

Advansi. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Umesema watu watatu wanakudai... samahani, wewe ndo unawadai, toka mwezi wa tatu. Mdogo wangu, mvuvi haendi ziwani bila mafuta kwenye injini, na hayo mafuta hakopeshwi na dagaa. Kuanzia sasa boti haliguswi bila vitu viwili: tajiri anunue rangi mwenyewe, unamuandikia kwenye karatasi aina na kiasi anaenda dukani, au akupe hela ya rangi mkononi. Hii anaiweza hata mbalamwezi, elfu tisa haimshindi mtu mwenye boti. Kisha ufundi wako, hiyo 31,000 inayobaki, mnapanga utaifata siku ngapi baada ya kuingia giza. Usimwambie "ukipata", mwambie usiku wa tano. Usiku wa tano asubuhi yake uwe mwaloni saa kumi na mbili, boti zinapofika na dagaa wanapigwa bei, sio saa nne wakati hela imeshagawanywa kwa mabaharia na mafuta. Ukienda na sura ya kusalimia tu, unasimama karibu, unamwamkia shikamoo baba mkubwa, huhitaji hata kutaja deni.

Na bei weka kwa hesabu, usiweke kwa kumuangalia mtu usoni. Vifaa, usafiri, masaa yako mara bei ya saa uliyoamua, basi. Ngoja nicheke kidogo hapa, moja ya zile sapu zako umesema ni uhasibu wa gharama. Yani umefeli lile somo hasa linalokufundisha boti liuzwe bei gani! Nakuomba usilisome hilo somo kwa kiwanda cha viatu cha kwenye kitabu, lisome kwa maboti yako. Gharama isiyobadilika ni nini kwako? Brashi, bando. Inayobadilika? Rangi, boda. Ukilifanya hivyo litakaa kichwani na sapu itatoka.

Sasa nikwambie ilivyonikuta ili ujue kwa nini nasema ada haiguswi. Nikiwa mwaka wa pili chuo, shirika moja lilinipa kazi kubwa, mabango 12 ya hadibodi ya vijijini na vipeperushi. Kwa kichwa cha miaka 22 nikaona nimeshatoka. Advansi wakasema utaratibu wao hauruhusu, wanalipa kazi ikikamilika. Nikachukua 380,000 iliyokuwa ya ada, nikanunua mbao, rangi, nikalipa fundi seremala, nikapeleka kazi kwa wakati na ilikuwa nzuri kwa kweli, moja nimeliona mpaka juzi juzi bado lipo. Hela ilikuja baada ya miezi mitano. Mara ankara imekosewa, mara afisa yuko likizo, mara tunasubiri fedha zishuke. Mitihani ilinikuta sijamaliza ada, nikatolewa mlangoni na kalamu yangu, nikarudia semista nzima, na hiyo semista ya kurudia ikanigharimu zaidi ya faida yote niliyoipata. Mama yangu hakunisemesha wiki mbili.

Sikwambii ukimbie mashirika, kazi zao nyingi ni za maana na huku kwetu na Kasulu na Kibondo zipo. Nakwambia ukipewa kazi ambayo inahitaji uweke hela yako mbele kuliko uliyonayo, hiyo kazi ni kubwa kuliko wewe kwa sasa, tafuta fundi mwenye mtaji muungane yeye anunue vifaa wewe uweke mkono, mgawane. Na mambo ya makaratasi: TIN ni bure TRA, chukua mapema maana hawa wakubwa hawakulipi bila hiyo. Usiogope, mtu ambae mauzo yake kwa mwaka hayazidi 4,000,000 hatozwi kodi ya mapato katika ule utaratibu wa wafanyabiashara wadogo, na wewe kwa sasa huko bado hujafika, ila daftari la mauzo ulitunze ndo litakalosema.

Tableti. Umesema huyo mama anatoa laki tano kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, nyingine utajazia mwenyewe. Laki tano kwa asilimia 20 ni laki moja ya riba kila mwezi, na ile laki tano inabaki pale pale haijapungua hata thumni. Miezi mitano umelipa laki tano na bado unadaiwa laki tano. Sio bure watu wakaiita kausha damu. Na zile aplikesheni za mikopo ya simu, zinazopigia ndugu zako wote ukichelewa siku moja, Benki Kuu Novemba 2024 ilitangaza 69 ambazo zilikuwa zinakopesha bila leseni. Kama kuna iliyokutumia meseji, ifute.

Badala yake fanya hivi. Chukua ukurasa mmoja wa daftari, kila kazi unayoikosa kwa sababu tu huna tableti iandike, na bei yake. Usidanganye, sio kazi unazodhani ungepata, ni mteja halisi aliekuja ukamwambia siwezi. Miezi minne ikipita jumlisha. Ikifika laki tisa, njoo tuongee namna ya kuipata. Ikiwa elfu arobaini basi ilikuwa ni tamaa na simu yako inatosha, kadi za harusi si unazifanya kwa simu? Mi nimemaliza miaka sita ya mwanzo na kompyuta moja ya mezani ya mtumba iliyokuwa inajizima mtu akiwasha jiko la umeme chumba cha jirani.

Ukimaliza diploma ukataka mtaji wa kweli kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 ya vijana, 4 ya wanawake, 2 ya watu wenye ulemavu, haina riba. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Ni ya vikundi na inarudishwa, wengine wanadhani ni zawadi. Kwa sasa iache, soma.

Lebo. Hapa ndo napenda sana na sijui kwa nini vijana wa huku hawapaoni. Boti unaliandika mara moja linakaa mwaka, mwaka na nusu. Sura ya mtu unaichora mara moja basi. Hizo zote ni kazi za kila siku kutafuta mteja mpya. Sasa angalia mji huu unauza nini: dagaa, migebuka ya kukausha, mawese, sabuni za mawese, asali inayotoka huko Uvinza na Kibondo. Akina mama wangapi wanapaki mawese kwenye chupa za maji zilizotumika bila hata jina? Dagaa wa Kigoma anajulikana Dar mpaka watu wanamdanganyia, wanauza wa kwingine kwa jina letu, lakini sisi wenyewe tunamuweka kwenye mfuko mweupe usio na kitu. Mtu akishakuwa na lebo, kila akipaki mzigo anahitaji kuprinti tena. Kwenye dizaini ya kwanza unapata hela ya ubunifu, halafu kila baada ya wiki tatu anakupigia tena, lebo 200, lebo 500, wewe unapeleka kuprinti unachukua chako kidogo. Hata ziwa likifungwa, mawese hayafungwi. Wateja watatu tu wa lebo wanaweza kubeba hiyo 47,000 yako yote, na unafanya usiku umekaa, haikugombanishi na testi. Nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, uulize wajasiriamali wanaopewa mafunzo ya usindikaji, hao wote watahitaji lebo zenye jina la bidhaa, uzito, tarehe, mawasiliano. Jifunze vitu vinavyotakiwa kuwepo kwenye lebo utakuwa umewapita wachora nembo wengi wa mjini.

Na mteja wa kwanza unae nyumbani. Mtengenezee baba yako lebo ya dagaa, nusu kilo na robo. Usimuombe ruhusa ya kuchora, umesema anaona kuchora ni mchezo na mimi simlaumu, kaona sapu mbili zimetoka humo. Kaa nae jioni ametulia, mpelekee hiyo lebo na daftari lako la mauzo na ile kalenda. Mwambie baba, sapu zilitokana na hiki hapa, wiki hii niliichukulia kazi nne, haitajirudia, angalia nilivyopanga. Mfanyabiashara wa dagaa ukimuonyesha daftari lenye kuingia na kutoka, anakuelewa kuliko ukimwambia habari za ndoto na vipaji. Na kama siku ya kutuma laki inaweza kuwa siku ya kumi ya giza badala ya "nikipata", muombe hilo pia, kwa adabu.

Usije ukanielewa kwamba nataka uwe mtu wa lebo na majina ya maboti tu. Ile ya kuchora kwa ajili yako, ambayo haina mteja, hiyo ilinde. Masaa mawili Jumapili, penseli na karatasi, chora Ujiji sokoni, chora mikono ya akina mama wanaoanika dagaa mchangani, usiuze, usiposti, kaa nazo. Ukiacha hiyo miaka mitatu utakuwa fundi mwenye hela kidogo na huna tena kilichokufanya uanze. Hili nalisema kwa uchungu, mimi niliacha, mkono wangu wa kuchora sura umekufa, naandika herufi tu. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968, akitumia rangi ya kupakia baiskeli juu ya hadibodi, na huku alikuwa na kazi Muhimbili. Alifariki 1972, yani miaka minne tu, na mpaka leo watu wanakula kwa mtindo wake. Kuwa na kazi nyingine hakukumfanya asiwe msanii, kwahiyo wenzako wakikucheka kwamba msanii gani anasoma debiti na krediti, waache.

Kitu kidogo tu kuhusu haki: ukichora sokwe wa Gombe kwa ajili ya watalii usidurufu picha ya mpiga picha uliyoikuta intaneti, hiyo ni mali yake. Na kazi yako weka sahihi, hata kwenye boti, kona ya chini, na namba ya simu ndogo. Boti linatembea mpaka Kagunga, hilo ni tangazo la bure.

Haya, rangi kubanduka. Unaandika juu ya mbao mbichi, ndo jibu. Boti limetolewa majini jana, kwa juu limekauka ila mbao ndani bado ina maji, ukiziba na rangi ya mafuta yale maji yanatafuta njia, yanainua rangi kama malengelenge. Mwambie tajiri alitoe siku ya kwanza ya mbalamwezi, liachie jua siku tatu au nne, piga msasa mpaka uone mbao, futa vumbi na kitambaa kikavu, primer, lala, ndo uandike. Mkono wa kwanza mwembamba, wa pili kesho yake, usipige mnene mara moja ili uwahi. Herufi maliza kabla ya saa kumi jioni, ule unyevu wa ziwa ukianza kupanda rangi haishiki. Na likae siku mbili kabla halijarudi majini. Ukihesabu hapo ni wiki nzima, yani mbalamwezi yote, na ndo maana maboti manne kwa wiki moja hayaandikiki vizuri hata kama usingekuwa na mitihani.